Hela ya Tabora Ina Rangi Gani?

Mjomba wangu anayekaa Elerai ana kopo la kahawa lililojaa sarafu alizoachiwa na baba yake. Mwaka jana aliamua kuuza chache, akaniita nimpigie picha, kwa kuwa simu yangu ndiyo inayosifiwa kamera ukoo mzima. Nilifika jioni. Tukala, tukaongea, na kazi tukaianza saa mbili usiku chini ya taa ya sebuleni, ile ya mwanga wa njano. Sarafu ya kwanza kuipiga ilikuwa ya heller 20, ya mwaka 1916. Kwenye skrini ikatoka nyekundu kama chungu kipya. Nikaituma kwa mnunuzi mmoja wa Nairobi, naye akajibu kabla sijaweka simu chini: kama ni nyekundu hivyo, nakuja.

Akaja kweli, kwa basi la Namanga. Mjomba akamkaribisha chai. Mzee yule hakuigusa chai. Alichukua sarafu akasogea nayo mlangoni, akaigeuzageuza kwenye mwanga wa mchana, akairudisha mezani taratibu. "Ndugu yangu, hii ni ya njano," akasema. Ndipo akanywa chai.

Hapakuwa na utapeli, wala kamera haikuwa mbovu. Ila kwa sarafu hiyo rangi ndiyo bei. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika huku, manowari za Waingereza ziliziba njia ya bahari, na koloni la Wajerumani likaishiwa sarafu zilizokuwa zikiletwa kwa meli kutoka kwao. Mwaka 1916 wakaamua kuzifua wenyewe Tabora, kwenye karakana ya reli, kwa shaba yoyote iliyopatikana, hata maganda ya risasi. Ndiyo maana heller 20 za Tabora ziko za namna mbili: za shaba nyekundu, na za shaba ya njano, ile iliyochanganywa na zinki. Za njano zilifuliwa nyingi, nyekundu chache. Muhuri wake ni uleule: taji na herufi D.O.A. upande mmoja, tarakimu 20 upande wa pili, na herufi T ya Tabora. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakaingia mjini na kazi ikakoma. Karakana hiyo ilitoa pia sarafu ya dhahabu ya rupie 15 yenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya Sekenke, vipande 16,198. Hiyo hutaikuta kwenye kopo la kahawa.

(Na kwa anayejiuliza: naam, neno letu "hela" ndiyo hiyo heller. Wajerumani waliileta mwaka 1904 badala ya pesa, heller 100 kwa rupie moja, badala ya pesa 64. Wameondoka, rupie imeondoka, hela tunaitafuta mpaka leo.)

Mnunuzi aliye mbali, basi, hana mzani wala mlango wa kusogea nao. Ana picha. Nami nilimpa picha ya taa ya sebuleni kwa mjomba.

Kinachoudhi ni kwamba mjomba alipaswa kulijua hili kuliko mimi. Kabla miguu haijamchoka alikuwa dalali wa mawe hapa Arusha, na hakuna biashara inayomfundisha mtu habari za mwanga kama tanzanite. Jiwe hilo, lililoanza kujulikana mwaka 1967 kutoka Mirerani, chini ya balbu ya kizamani huelekea zambarau, na ukilitoa mchana huelekea buluu. Jiwe ni lilelile. Dalali anayejiheshimu hamalizi maneno ndani. Humwambia mteja, twende nje. Mjomba amesema "twende nje" maelfu ya mara maishani mwake, lakini ilipofika zamu ya sarafu za baba yake akakaa kwenye kochi akanishikia tochi.

Macho hayatutahadharishi kwa sababu yamezoea kutusahihishia. Kanzu nyeupe ni nyeupe mchana, na chini ya balbu ya njano bado unaiona nyeupe. Ubongo umeshakata ule unjano bila kukuuliza. Kamera haina ubongo huo. Ina hesabu za kubahatisha: inatazama kilichomo kwenye picha nzima, inakisia kipi kingekuwa cheupe, kisha inasogeza rangi zote kufuata kisio hilo. Ukiiwekea sarafu ya njano, juu ya meza ya mninga, chini ya taa ya njano, umeinyima kila kitu cha kulinganishia. Mara itakata njano kupita kiasi na sarafu itoke ya kijivu, mara itaiacha yote na shaba ya njano itoke nyekundu. Siku ile ilikuwa ya pili.

Rangi ya mwanga hupimwa kwa Kelvini. Balbu ya njano iko karibu 2,700, mchana wa kawaida karibu 5,500, na kivulini, chini ya anga la buluu lisilo na wingu, hupanda hadi 7,000 na zaidi. Namba ikikua, mwanga unazidi kuwa wa buluu. Namba zenyewe si lazima uzikariri. Muhimu ni kutochanganya. Ukipiga picha karibu na dirisha huku taa ya dari inawaka, nusu ya sarafu inamulikwa na 5,500 na nusu na 2,700, na hakuna programu duniani itakayoisahihisha sarafu moja kwa mahesabu mawili. Zima taa. Au funga pazia uwashe taa.

Baada ya hapo ipe kamera kitu inachoweza kukiamini. Wengi huweka karatasi nyeupe ya kuchapishia, na mimi nilianza hivyo, lakini karatasi hizo hutiwa dawa inayogeuza miale tusiyoiona ya jua kuwa buluu ili zionekane nyeupe zaidi. Mchana, karatasi ni nyeupe ya kujipodoa. Wapiga picha hutumia kadi maalumu ya kijivu. Kama huna, nenda duka la vifaa vya ujenzi ukanunue ule utepe mweupe ambao mafundi bomba huviringisha kwenye nyuzi za bomba. Ukunje mara nane au kumi mpaka usipitishe mwanga. Plastiki yake hurudisha rangi zote karibu sawasawa, kiasi kwamba maabara za mwanga hutumia plastiki ya jamii hiyohiyo kama kipimo cha weupe. Piga picha moja utepe ukiwa pembeni ya sarafu, kisha kwenye programu ya kuhariri iambie simu: hiki ndicho cheupe.

Nilidhani nimemaliza. Jumamosi iliyofuata nikarudi Elerai, mchana, taa zimezimwa, utepe upo, na rupie ya fedha ya kopo lile ikatoka na doa jekundu shavuni mwa Kaisari wa Wajerumani. Nikaifuta. Doa likabaki. Nikabadilisha kitambaa, doa likabaki. Kumbe jirani mmoja, mzee wa Kimaasai, alikuwa amesimama nyuma yangu na shuka lake, anatazama. Aliposogea kwenda kumsalimia mjomba, doa likaondoka naye.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo zima. Kikombe cha udongo, kitenge, embe, vyote hivi mwanga huviingia kidogo, ukatapakaa ndani, ukatoka pande zote ukiwa umebeba rangi. Kwa hiyo embe ni la njano ukilitazama kutoka popote, na ule mng'ao mweupe juu yake ni kero tu ya kuondoa. Metali haifanyi hivyo. Mwanga hauingii, unagonga na kuruka kwa pembe ileile, kama mpira ukutani, na rangi ya metali imo ndani ya mng'ao wenyewe. Ukiuondoa mng'ao wa embe unaona embe vizuri zaidi. Ukiuondoa mng'ao wa sarafu umeondoa rangi yake, ukabaki na kipande cha kitu cheusi chenye maandishi.

Sarafu, kwa maneno mengine, ni kioo kidogo kilichochongwa. Unayempiga picha ni Kaisari, lakini anayeonekana usoni mwake ni wewe: shati lako, simu yako nyeusi iliyomning'inia, vidole vyako, mabati ya buluu ya nyumba ya pili, migomba ya uani. Kwa mjomba dirisha la nyuma linatazama migomba, na kila sarafu nyeupe niliyoipiga hapo ilikuwa na ukijani wa mbali, kama maji ya mtungi wenye ukoga. Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya kubofya haliwi "mwanga uko wapi?" bali "sarafu inatazama nini?" Kama inatazama dari nyeupe, itakuwa na rangi yake. Kama inatazama shuka, itavaa shuka.

Kuna njia mbili za kuipa kitu cheupe cha kutazama, na zote mbili zinahitajika.

Ya kwanza Arusha tunapewa bure. Juni na Julai mji hufunikwa na wingu zito linalokaa kwenye mabega ya Meru hadi saa tano, saa sita, na siku nyingine halitoki kabisa. Watu wanavaa makoti na kunung'unika. Mpiga picha wa sarafu asinung'unike: anga lote limegeuka kuwa taa moja kubwa nyeupe isiyo na kivuli, na rangi ya shaba iliyochakaa hutoka humo bila ubishi. Angalia tu dirisha gani. Vitabu vya Ulaya vinasisitiza dirisha la kaskazini, kwa kuwa kwao jua halipiti upande huo. Sisi tuko nyuzi 3 na kidogo kusini mwa ikweta. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri liko kaskazini yetu, yaani upande wa Meru, na dirisha linalotazama mlima ndilo linalopigwa jua. La kusini ndilo lenye kivuli tulivu. Oktoba ikifika mambo yanageuka. Mtu wa Elerai anayefuata kitabu cha Ulaya atakosea nusu ya mwaka na kupatia nusu, halafu atailaumu simu. Na siku isiyo na wingu, kivuli hakitoshi: anga tupu la buluu nalo ni kitu ambacho sarafu inakitazama. Wenye Kimaa huuita mgunga wa gome la njano olerai; autazame mtu mti huo saa tatu asubuhi penye jua, kisha autazame tena wingu likitanda, aniambie gome lina rangi gani.

Njia ya pili ni ya wale ambao sarafu zao zina kitu cha zaidi ya rangi ya metali. Rupie ya mjomba, kwa mfano. Ni fedha nzuri, gramu 11 na ushee, na mtu fulani zamani aliifunga pamoja na nyingine kwa mpira, ule wa kufungia mafungu ya noti. Mpira hutiwa salfa kiwandani ili uvutike na kurudi. Salfa ikaihama mpira ikaingia kwenye fedha, na leo kuna mstari unaokatiza kofia ya Kaisari: katikati mweusi, kandokando buluu, halafu zambarau, halafu njano inayofifia hadi weupe. Moshi wa kibatari na wa jikoni hufanya kazi hiyohiyo polepole zaidi, juu ya uso mzima.

Rangi hizo si rangi kwa maana ya wino. Ni utando mwembamba mno wa fedha iliyoungana na salfa. Mwanga unaoruka kutoka juu ya utando na ule unaoruka kutoka chini yake hukutana wakati wa kutoka. Kutegemea unene, rangi nyingine huuana na nyingine huimarishana. Umeyaona hayohayo stendi baada ya mvua, mafuta ya gari yanapoelea juu ya dimbwi. Utando mwembamba kabisa hutoa njano, ukinenepa kidogo unakuwa mwekundu wa zambarau, kisha buluu. Na kama mafuta ya dimbwini, ukiinama au kusogea rangi inabadilika, na kutoka pembe nyingine haionekani kabisa. Chini ya wingu la Julai mstari ule wa rupie ulitoka kama uchafu wa kijivu. Sikukosea popote; mwanga uliotoka kila upande ulichanganya pembe zote na rangi zikamezana.

Inatakiwa mwanga ushuke wima juu ya sarafu na urudi wima kwenye kamera, na tatizo ni kwamba kamera yenyewe ndiyo imekaa mahali taa ilipopaswa kukaa. Suluhisho ni kipande cha kioo safi. Mjomba alitoa kioo cha fremu ya picha ya harusi yake, kwa masharti kwamba kirudi. Sarafu ilikuwa mezani juu ya kitambaa cheusi. Kioo nilikiegemeza juu yake kwa nyuzi 45, kimeshikwa na vitabu viwili. Taa moja ya LED niliiweka ubavuni kwa usawa wa kioo, na mbele yake karatasi ya kuokea ili kulainisha mwanga. Kioo kilirusha sehemu ya mwanga chini kwenye sarafu, sarafu ikaurudisha juu, ukapenya kioo hadi kwenye simu niliyoiegemeza juu ya rafu, wima. Upande unaokabiliana na taa nilitundika fulana nyeusi, maana kioo hicho hakichagui, kitaakisi na ukuta pia. Simu isisogee karibu sana. Heri irudi nyuma sentimita 30 hivi ukavuta kwa lenzi ya pili kuliko kuibandika juu ya sarafu ikajaza kivuli chake. Nikabofya. Kofia ya Kaisari ikawaka buluu na zambarau, mstari wa mpira umenyooka kama alama ya rula.

Picha hiyo nayo si ukweli mzima. Inaonyesha rangi, lakini inafuta mikwaruzo, kwa sababu mwanga unaoshuka wima hauachi kivuli. Sarafu iliyosuguliwa kwa ndimu na majivu, desturi ya nyumba nyingi za pwani na za huku, hutoka nzuri mno chini ya kioo. Taa ya pembeni ndiyo inayofichua ile mistari myembamba ya kusugua, pamoja na ule uwaridi usio wa kawaida ambao shaba huupata ikikwanguliwa ngozi yake. Muuzaji anayetuma picha ya kioo peke yake simwamini, hata kama rangi zake ni za kweli.

Kuhusu kukoleza rangi baada ya kupiga, nitasema kifupi. Kusahihisha weupe kwa kufuata utepe ni kurudisha kilichokuwepo. Kukoleza mpaka buluu iwe buluu ya bajaji mpya ni kupika. Kuna jaribio dogo ninalolitumia kujikagua, na sijui kwa nini halitumiki zaidi, maana ni letu kabisa. Sarafu za kwanza za Tanzania, za mwaka 1966, zilikuwa nne: senti 5 ya bronzi, ya hudhurungi, senti 20 ya shaba, zinki na nikeli yenye unjano, ndiyo ile ya mbuni, senti 50 ya sungura na shilingi ya mwenge, zote mbili nyeupe. Seti moja, metali za rangi tatu. Ziweke nne zote kwenye picha moja na sarafu unayotaka kuiuza. Kama hudhurungi, njano na nyeupe zimebaki zimeachana kama zilivyo mkononi, picha yako inaaminika. Kama senti 20 imeanza kufanana na shilingi, au senti 5 imeungua nyekundu, rudi ukaanze upya. Asiye nazo atumie za leo: ya 200 ni ya njano, ya 500 nyeupe, na kila kondakta anazo. Mnunuzi wa Nairobi anaweza asizijue, lakini mnunuzi wa Dar, Mwanza au Unguja anajua mkononi mwake mia mbili ina rangi gani, na atajua kama umemdanganya.

Jaribio hilo linasaidia pia kwa tatizo ambalo muuzaji hana uwezo nalo, yaani skrini ya yule mwingine. Simu nyingi usiku hugeuza skrini kuwa ya njano ili kupumzisha macho. Mtu akiifungua picha yako saa nne usiku akiwa kitandani, rupie yako ni ya shaba. Akiiona na mia tano pembeni nayo imekuwa ya njano, atashtuka mwenyewe.

Nilipomaliza, mjomba alichukua simu mkono mmoja na rupie mkono mwingine, akatoka navyo mlangoni, akiburuta ndala. Akavilinganisha. Akainamisha sarafu kidogo kushoto, mstari ukageuka kutoka buluu kuwa wa kahawia. Akainamisha na simu vilevile, kwa mazoea ya mawe nadhani, na simu ikabaki buluu. Akacheka. Akaniambia nipige nyingine ya taa ya pembeni, na nyingine ya dirishani, zote tatu ziende pamoja, na chini ya kila moja niandike mwanga uliotumika.

Tumefanya hivyo kwa sarafu kumi na tano hadi sasa. Heller ya Tabora ilikuwa ya mwisho. Safari hii imetoka ya njano, njano ya kukiri, na mia mbili pembeni yake. Nilimuuliza kama niitume Nairobi.

"Ya nini?" akasema. "Yule ameshaiona mlangoni."